Misalaba ya Chokaa ya Kaplelmet

Juzi kijana mmoja wa ukoo wetu alinijia mbio, simu mkononi, meno yote nje. Amenunua shamba kule Soin. Nikamwuliza udongo wake ni mweusi au mwekundu. Hajui. Limeinamia upande gani? Hajui. Jirani ni nani? Hajui, lakini picha ya hati anayo, na akaipanua kwa vidole viwili mpaka tarakimu zikajaa kioo.

"Babu, angalia mwenyewe. Namba iko, ramani iko, size iko. Hii kitu ni safi kabisa!"

Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuona kama nimepaliwa na chai. Kijana akanuna. Alidhani namcheka yeye, na kweli nilikuwa namcheka yeye, lakini pia nilikuwa nimekumbuka ng'ombe mmoja aliyepakwa chokaa ili ndege imwone. Kwa huyo ng'ombe tutafika. Kwanza niwafundishe kusoma hati, maana nyinyi vijana mnauziwa mbuzi kwenye gunia na bado mnashukuru kwa gunia.

Mimi nilifanya kazi ya kupima ardhi. Wazazi wangu walitoka milima ya Kisii, baba akija kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, nami nikakulia katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, nikijifunza Kikipsigis kwa watoto wa majirani na matusi kwa manyapara. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana mwenye miguu mirefu na cheti cha shule ambacho hakikujua kwa kwenda. Nikaandikwa kazi ya kushika mnyororo. Mnyororo huo ulikuwa wa chuma, wa kupimia. Mtu mmoja anasimama na mwanzo wake, mwingine anaburuta mwisho wake kwenye majani yenye umande, na mwenye kuburuta ni yule aliyeandikwa juzi.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Elkana, msaidizi wa mpima, mtu mfupi kutoka Maragoli mwenye kofia ya kaki na ulimi usio na breki. Karibu kila ninachokijua alinifundisha yeye. Ulimi wake pia ndio uliotutia katika kisa nitakachowaeleza, lakini simlaumu hata kidogo, maana sijawahi kucheka vile tena.

Haya, hati. "Shamba lina majina matatu, kama mtu aliyebatizwa," Mzee Elkana alikuwa akisema. La kwanza ni wilaya, la pili ni mahali, la tatu ni namba. Kericho, mkwaju, Kaplelmet, mkwaju, 418. Hilo Kaplelmet nimelibuni, msiende kulitafuta. Wenyewe wako hai na wana wajukuu mawakili. Kuhusu wilaya, jueni kwamba siku hizo Bomet yote ilikuwa ndani ya Kericho. Ukiona hati ya shangazi yako wa Bomet imeandikwa Kericho, usipige kelele kwamba ameibiwa. Hati yake imezeeka pamoja naye, basi.

Namba ndiyo huwapumbaza watu. Wengi hudhani ni cheo. Namba ilifuata miguu yetu tu. Kamati ya wazee wa mahali ilikuwa ikitembea nasi mpaka kwa mpaka, na mahali tulipoanzia ndipo palipopata moja. Mzee mmoja upande wa Roret aligundua siri hiyo. Asubuhi tulimkuta barabarani na kibuyu cha mursik, maziwa yale ya kugandishwa yenye masizi, akatunywesha sote, kamati na wapimaji, mpaka tukawa wazito, hata kutembea hatuwezi. Tukaanzia pale pale. Akapata namba moja, na tangu siku hiyo akawa anatembea mbele ya wenzake hata akienda msalani.

Miaka ikapita, akawagawia wanawe. Sasa sikilizeni, hili ni la kazi: shamba likigawanywa, namba yake hufa. Vipande vipya hupewa namba mpya za mwisho kabisa katika orodha, na ile ya zamani hufungwa, haipewi mtu tena. Mzee akaja ofisini Kericho amevaa koti jeusi katikati ya jua. Akavua kofia.

"Nimesikia namba moja amekufa," akasema. "Nataka kujua mulimzika wapi."

Karani alicheka akadondosha kalamu. Mzee Elkana hakucheka. Alimshika mkono, akamkalisha, akampa pole kama anavyopewa mfiwa, na wakanywa chai. Ndivyo alivyokuwa, anakutania siku zote na siku unapoumia anaacha. Nyinyi mkiuziwa shamba, ulizeni kwanza kama namba ile bado inapumua. Nimeona watu wazima wakilipia marehemu.

Baada ya majina kuna namba ya karatasi ya ramani ambamo shamba limechorwa, na hiyo haina kichekesho chochote, kwa hiyo naipita. Halafu kuna ukubwa. Kabla ya ukubwa kuna neno dogo ambalo hakuna kijana hata mmoja anayelisoma: takriban. Takriban maana yake tumekisia. Tumekisia kwa akili na kwa vyombo, lakini tumekisia. Na ukubwa wenyewe huandikwa kwa hekta. Serikali ilipoacha ekari, kulikuwa na baba mmoja aliyejijua kuwa na ekari kumi na mbili. Akafungua hati, akaona nne nukta tisa. Alitoka nje ya ofisi, akakaa kwenye ngazi, akaanza kuhesabu kwa sauti ni mwanawe yupi atakayekosa urithi. Tulimzunguka watu wazima wote tukimwapia kwamba shamba halikupungua, kipimo ndicho kilichonenepa. Hakuamini hata kidogo. Alikwenda nyumbani akalizunguka shamba lake lote kwa miguu, ua kwa ua, na kesho yake akarudi anatabasamu.

"Iko yote," akatuambia. "Karatasi ndiyo imekonda."

Yule baba, vijana wangu, alikuwa mpima bora kuliko nyinyi wenye simu. Kwa sababu hati zetu hizi hazishikilii mpaka. Ramani inakuonyesha umbo la shamba na majirani zake. Mpaka wenyewe ni ule ua ulioko chini, michongoma yenye miiba, mkonge, au miti mliyopanda mkiwa wengi mnaangaliana. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa hivi: wazee wanakubaliana, wenye mashamba wanapanda ua, ua unaota, ndege inapita juu na kupiga picha, na kule Nairobi mchoraji anafuata mistari ya nyua anazoziona pichani. Ua ukiwa mnene, picha inauona. Ukiwa bado ni miche ya kufika gotini, kwa ndege ni kana kwamba haupo.

Na hapo ndipo anapoingia Kogo Tapkigen.

Kogo ni bibi kwa Kikipsigis, na kilima kizima kilimwita hivyo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kengele ya shule. Kati yake na jirani yake, Mzee arap Tonui, kulikuwa na ua wa zamani wa michongoma, mnene, usiopitisha hata kuku. Chini ya ua huo, upande wa Tonui, kulikuwa na chemchemi. Marehemu mume wa Kogo alikuwa amebadilishana na Tonui: akampa kipande cha tambarare juu barabarani, akachukua mtelemko unaoteremka mpaka majini. Kamati ilijua, ikaupita mpaka mpya kwa miguu, na Kogo akapanda miche ya ua kuanzia barabarani hadi chini. Ua wa zamani haukung'olewa, kwani ulikuwa unazuia ng'ombe. Kwenye mtelemko ule Kogo alikuwa na kitalu cha chai, na miche ya chai hunywa kama mtoto mchanga. Bila chemchemi hakuna kitalu, na bila kitalu yule mama alikuwa hana kitu isipokuwa sauti yake.

Sasa ndege ilikuwa inakuja na miche yake ya ua bado ilikuwa chini ya goti. Alimfuata Mzee Elkana kila mahali. "Hiyo ndege ina macho namna gani? Itaona miti yangu?" Mzee Elkana hakutaka kumdanganya. Akamwambia ndege haitaiona.

Wakati huo sisi tulikuwa tunachora misalaba. Ili mchoraji ajue picha ni ya kilima gani na ukubwa gani, tulipanga mawe makubwa kwa umbo la msalaba katika sehemu chache zilizopimwa, tukayapaka chokaa yaonekane kutoka juu. Watu wakatukusanyikia. Mama mmoja akauliza kama serikali imeokoka. Mzee Elkana, ambaye jua lilikuwa limemchosha, akajibu bila kuinua kichwa:

"Ndege isipoona msalaba, haijui iko wapi."

Lo! Angekaa kimya. Neno hilo lilikimbia Kaplelmet yote kabla hatujaosha mikono. Kufika jioni lilikuwa limeota pembe: shamba lisilo na msalaba halitaandikwa. Kesho yake tukapanda kilimani, tukasimama tumeduwaa. Kilima chote kilikuwa kimefanana na makaburi ya vita. Msalaba kila shamba! Chokaa ilikuwa imekwisha madukani mpaka Roret. Aliyekosa chokaa alitumia jivu, aliyekosa jivu alitumia unga, na kuku wake walikuwa wameshaula msalaba ule nusu. Wasabato walijenga wao, Wakatoliki wao mkubwa zaidi. Na mzee mmoja asiyetaka kuharibu malisho yake kwa mawe alimpaka fahali wake chokaa, msalaba mgongoni, akamfunga katikati ya shamba. Fahali alikuwa anatutazama kama sisi ndio wendawazimu, na hakukosea.

Mzee Elkana alikaa kwenye jiwe, akafunika uso kwa kofia ya kaki, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Nikakaribia. Alikuwa anacheka mpaka hana sauti.

Tulijaribu kuwaambia wabomoe. Thubutu! Nani abomoe wa kwake jirani akibaki na wa kwake? Na ndege yenyewe haikuja. Mnaijua Kericho yetu: asubuhi anga safi kama sahani, mchana mawingu, alasiri mvua ya mawe. Kila siku mvua ilifuta misalaba na kila asubuhi watu waliirudia kwa furaha, wakiimba.

Kogo hakujenga msalaba. Alikuwa amemsikiliza Mzee Elkana vizuri kuliko sisi wote, akashika neno moja tu: cheupe huonekana. Alikwenda kwa akina mama wenzake wa kanisa akaazima mashuka. Kila asubuhi wakawa wanashuka mstarini, wanatandika shuka juu ya miche ya ua, nyingine hatua chache mbele, nyingine tena, kuanzia barabarani mpaka kwenye chemchemi, mawe kwenye pembe ili upepo usiyachukue. Wingu la kwanza likitokea, wanakusanya na kukimbia. Sisi tulidhani ni kufua.

Hatimaye ndege ikapita asubuhi moja, ikaenda na kurudi juu yetu, na Kaplelmet nzima ilisimama ikipunga mikono. Wengine walikuwa wamevaa nguo za Jumapili.

Picha zilipotoka Nairobi zilikuja na barua kali ikiuliza sisi ni wapimaji au wamishonari. Hiyo tuliicheka baadaye. Lakini ramani ya kwanza iliyokuja nayo haikutuchekesha. Mchoraji alikuwa amefuata ua wa zamani wa michongoma, mstari mweusi mzito. Chemchemi, mtelemko na kitalu cha Kogo vyote vilikuwa ndani ya namba ya arap Tonui.

Tulikuwa na wajibu wa kuileta ramani kwa wananchi, mwenye pingamizi aseme. Tukaweka meza nje ya kanisa. Kogo alipooneshwa alinyamaza, na ile sauti yake ilipokosekana kila mtu aligeuka kumtazama. Nilisikia vibaya sana. Arap Tonui hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa ameona ramani ya serikali ikimpa maji, na ramani ikimpendelea mtu humfanya asahau upesi.

"Mimi sikuchora," akasema. "Ndege ndiyo imeona. Mimi ni nani nibishane na ndege?"

Kamati wakaanza kusema juu ya mabadilishano. Tonui akajibu kwamba mazungumzo ya marehemu hayana ua. Mkubwa wetu wa kazi akakuna kidevu. Hapo Kogo akapata sauti.

"Na mashuka yangu? Hiyo ndege yenu haikuona mashuka?"

Mzee Elkana alitoa kioo cha kukuzia, akainama juu ya picha. Akaniita nami. Zilikuwepo. Nukta nyeupe, ndogo kama mbegu za ufuta, zimepangana kutoka barabarani mpaka chini penye kivuli cha chemchemi. Mchoraji kule Nairobi alikuwa ameziona akaziandikia kando kwa penseli: nguo zimeanikwa.

"Si ni kweli?" Tonui akasema. "Hiyo ni nguo tu. Mtu anaweza kuanika nguo hata kwangu."

Watu walikuwa wakinung'unika, na mkubwa wetu alikuwa amekwisha kufunua kalamu yake, wakati mama mmoja mnene alipojipenyeza mpaka mezani akifuta mikono kwa leso. Alikuwa Rebeka, mke wa arap Tonui.

"Ile ya chini kabisa, karibu na maji, ni yangu," akasema. "Shuka ya harusi yetu."

Tonui akamtazama. "Wewe Rebeka, nani alikutuma?"

"Kogo aliomba akina mama wote. Mimi ni mama wa kanisa ama si mama wa kanisa?"

"Na ulijuaje mahali pa kuweka?"

"Nilikuuliza wewe! Nikasema, baba Kipkoech, mpaka ya Kogo inafika wapi? Ukanionyesha. Kwanza upepo ilikuwa mingi siku hiyo, wewe mwenyewe ukashika upande ile ingine!"

Sijui niwaeleze vipi kelele zilizofuata. Wazee wa kamati waliangukiana. Mhubiri alishika ukuta wa kanisa lake. Mzee Elkana alivua kofia akaitupa juu. Na arap Tonui, aliyesimama pale masikio yakimwaka, alipigana na uso wake kwa muda, akashindwa, akaanza kucheka yeye mwenyewe kuliko sisi wote. Akaenda akashika mkono wa Kogo.

"Nilishika," akasema. "Nilishika hiyo shuka na mikono yangu."

Mkubwa wetu akapiga mstari mpya wa penseli kwenye ramani, nukta kwa nukta, pale pale mezani. Kogo alimlazimisha aurudie kwa wino.

Hati zilitoka baada ya muda mrefu. Kogo hakujua kusoma, akaniita nyumbani kwake nimsomee. Nilikuwa nimepandishwa kazi kidogo, nimevaa viatu. Nikaketi kwenye kigoda, nikasafisha koo, nikamsomea sehemu moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa. Wilaya, Kericho. Mahali, Kaplelmet. Namba yake. Namba ya karatasi ya ramani. Ukubwa, takriban. Nikamweleza takriban ni nini. Jina la mwenye shamba, Tapkigen. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipomaliza akayafumbua.

"Maji iko wapi?"

"Maji hayajaandikwa, Kogo."

"Kabisa?"

"Kabisa. Hata ua haukuandikwa. Hata chai."

Akaichukua hati, akaigeuza nyuma, hakuona kitu, akaigeuza tena mbele. Kisha akacheka kwa ile sauti yake ya kengele, mpaka kuku wakatawanyika.

"Nyinyi watu wa serikali! Mmeandika yote, mkaacha shamba."

Aliitumbukiza hati katika debe la unga, akafunika, akachukua kikombe cha bati, akaniambia nimfuate. Tukateremka kando ya ua wake mpya, ambao sasa ulikuwa umenipita kimo, yeye akiupapasa kwa mkono njia nzima, hapa, na hapa, na hapa. Kule chini miche ya chai ilikuwa imejipanga kijani chini ya kivuli cha majani makavu. Akachota maji, akanipa. Yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nikanywa mpaka mwisho, naye akanisubiri, mikono kiunoni.

"Sasa umesoma," akasema.